Kwa Pumzi Yake Mwenyewe

Siku ile Sista Nakijwa Mbwambo alisaini daftari kwamba amejishusha, na hakuwa amejishusha. Tuanzie hapo, maana mengine yote yalitokana na sahihi hiyo moja, na yeye mwenyewe hakuwahi kuitafutia kisingizio.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umeikalia Hospitali ya Mapafu ya Kwemlinga, ule ukungu wa milimani unaomfanya mtu atembee kutoka mabweni ya wauguzi hadi wodini kwa mazoea tu. Simu yake iliita akiwa ameshafika mlangoni mwa Chumba cha Kushushia. Aliyepiga ni shemeji yake, mume wa mdogo wake Nambike.

"Shemeji," alisema yule bwana, kisha sauti ikamkatika. Nakijwa akajishika ukutani. Alishapokea simu za namna hiyo mara tatu, na zote tatu zilianza hivyohivyo.

"Sema tu, shemeji."

"Subiri. Sikiliza mwenyewe."

Akasikia kitu kikikwaruza, halafu kilio. Kilio cha mtoto mchanga, kikali, cha hasira, cha mtu aliyeletwa duniani bila kuulizwa. Watatu waliotangulia walitoka kimya. Huyu alikuwa anapiga kelele hadi simu inakoroma.

"Analia, shemeji! Huyu analia!"

Nakijwa alikaa chini palepale sakafuni, mwanamke wa miaka arobaini na nane na sare yake nyeupe, akalia na kucheka kwa pamoja, na wala hakujali nani anapita.

Haya. Sasa, chumba alichokuwa amekaa mlangoni mwake hakikuwa na mambo mengi. Benchi moja, beseni la maji baridi, na taa ndogo ukutani. Muuguzi akiingia alijifunga mshipi wake kifuani, akaketi, akanawa uso na mikono, akatulia mpaka taa itoke njano iwe nyeupe. Hapo ndipo alisaini daftari na kwenda kwa mgonjwa. Wauguzi wapya walidhani kinachoshushwa humo ni huzuni na hasira tu. Matroni alikuwa akiwaambia kila mwaka: furaha ishusheni mara mbili, maana hakuna mgonjwa atakayekuja kuilalamikia.

Nakijwa alilijua hilo, tena alishawafundisha wengine. Lakini aliliangalia lile benchi, akaona kwamba ataketi pale dakika kumi na kuifuta furaha aliyoisubiri miaka saba, ili aende kazini mtupu kama kawaida. Akasema moyoni, jamani, leo tu. Akachukua kalamu akasaini.

*

Mshipi wenyewe ni kitu cha upana wa vidole vitatu, unavaliwa chini ya sare. Mgonjwa naye huvalishwa koti lisilo na mikono, lenye mirija ya hewa na nyuzi laini zinazogusa shingo na mbavu. Muuguzi akivuta pumzi, koti linamvutia mgonjwa. Akitoa, linamtolea. Ndani ya hatua sitini hakuna waya unaohitajika.

Mashine za zamani zilisukuma hewa kwa hesabu zake zenyewe, na kwa wagonjwa wengi zilitosha. Hazikutosha kwa wale waliokuwa na magonjwa mawili kwa mpigo, mapafu yaliyokufa na sonona iliyokomaa. Mtu wa namna hiyo hakosi hewa tu, hana hata sababu ya kuitafuta. Walikuwa wanapigana na mashine, wanavua barakoa, au wanaiacha iwasukume huku wao wameshaondoka. Ndipo watafiti wakagundua kwamba mwili huohuo unaoikataa mashine huikubali pumzi ya mtu, pamoja na kasoro zake zote, kule kusita na kushusha pumzi kwa uchovu. Kwa hiyo wakaacha kutengeneza mashine bora zaidi, wakaanza kufundisha wauguzi.

Na walifundishwa kweli. Muuguzi wa mshipi hakimbii, hapandi ngazi kwa haraka. Akitaka kupiga chafya anamtahadharisha mgonjwa kwanza, "Nakuja, Mzee, jishike," la sivyo mgonjwa anaruka kitandani. Lakini pumzi haisafiri peke yake. Zile nyuzi za shingoni zilibeba na mengine: utulivu wa muuguzi, au wasiwasi wake, au chochote alichosahau kukishusha. Havikwenda na habari zake, mgonjwa hakujua kilichomfurahisha au kumkera muuguzi. Kilichofika ni ladha yake tu.

Mzee Hatibu Shekalaghe alikuwa amevaa koti hilo miezi kumi na minne. Alikuwa na miaka sitini na saba, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia kwenye chumba cha brashi cha kiwanda cha mkonge huko bondeni, pale singa, nyuzi zake kavu, zinapopigwa mswaki hadi ziwe nyeupe na vumbi lake linabaki vifuani mwa watu. Mapafu yake yalikuwa yamekakamaa. Halafu mkewe Mwanaidi akafariki, na yeye akaacha kuongea. Kwa wiki nzima ungeweza kumtoa maneno sita, na matatu kati ya hayo ni "hapana."

Chini ya jengo, kwenye kitalu, mapafu yake mapya yalikuwa yameoteshwa kwa chembe za mwili wake mwenyewe, miezi minane. Kilichobaki ni ridhaa yake tu. Aliombwa mara ya kwanza akasema, "Wapeni paka." Mara ya pili aligeukia ukutani.

Jumanne hiyo Nakijwa alipojiunganisha naye, Mzee Hatibu alifumbua macho kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akamtazama kwa muda. "Leo uji una sukari?"

Nakijwa alikaribia kudondosha kikombe. Mzee alikunywa uji wote. Akauliza kama mahindi ya bondeni yameshabeba. Akaomba pazia lisogezwe. Nakijwa alipomwambia kwamba nje hakuna cha kuona ila ukungu, alicheka, kicheko kifupi cha puani, pfu, na Nakijwa akashtuka kidogo maana ni yeye mwenyewe anayecheka hivyo, tangu utoto, na mama yake alikuwa akimgombeza kwa hilo.

"Sijui nina nini leo," Mzee alisema. "Kama vile nasubiri mgeni."

Hapo Nakijwa, kama angekuwa mkweli, angesimama. Hakusimama. Alikwenda kumwita Dokta Mchome.

Dokta Mchome alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuwa akimpigania Mzee Hatibu kwa mwaka mzima bila kumwambia mtu kwamba anampigania. Alikuja na kinasa sauti. Sheria ilitaka mgonjwa aseme kauli kwa kinywa chake, akiwa amevuliwa koti: *Mimi fulani, kwa pumzi yangu mwenyewe, nakubali.* Lakini kumvua koti mgonjwa wa hali ile ni kucheza na roho yake, kwa hiyo Kwemlinga walikuwa na desturi yao. Daftari likionyesha kwamba muuguzi ameshuka hadi taa nyeupe, kauli ilichukuliwa koti likiwa mwilini. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo mahali popote, na hakuna aliyeacha kuitumia.

Dokta alilitazama daftari. Akaiona sahihi.

"Mimi Hatibu Shekalaghe," alisema Mzee, kwa sauti iliyomshangaza hata yeye, "kwa pumzi yangu mwenyewe, nakubali."

Dokta Mchome akageuka dirishani kana kwamba kuna kitu huko anakitazama. Nakijwa naye machozi yalimtoka, na Mzee Hatibu akalia pamoja nao, maana angefanyaje?

*

Asubuhi ya Jumatano, aliyemkabidhi zamu alikuwa Mkunde, muuguzi kijana mwenye pumzi ndefu kuliko wote wodini.

"Tangu uvue mshipi jana jioni, dada, hajasema neno," alisema. "Chakula nimekirudisha. Nimemsalimia mara nne. Yuko ukutani tu."

"Labda ni woga wa upasuaji."

"Labda." Mkunde hakuonekana kuamini. "Mapafu yametolewa kitaluni alfajiri. Upasuaji ni saa tisa."

Yakishatolewa kitaluni hayarudi. Hukaa hai mpaka jioni, basi.

Nakijwa aliingia Chumba cha Kushushia, na safari hii aliketi kwelikweli. Alinawa, akatulia, akahesabu. Taa ikabaki njano. Dakika ishirini, njano. Dakika arobaini, njano ileile. Akajua kwamba haitabadilika. Alifungua daftari ukurasa wa jana, na pembeni ya jina lake akaandika kwa herufi za wazi: *Sikushuka. Nilikuwa na furaha.* Kisha akamwomba Mkunde abaki na mshipi, akashuka ngazi kumtafuta Dokta Mchome.

Alimkuta kwenye chumba cha kitalu. Mapafu yalikuwa ndani ya kasha la kioo, mekundu ya waridi, yakipanda na kushuka taratibu kwa hewa ya mashine. Hakuna mtu aliyezoea kuyaona hivyo, yanapumua na hayana mwenyewe. Nakijwa alisema yote akiwa amesimama, hakufupisha kitu.

Dokta alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu sahihi ni yangu, Dokta."

"Nakijwa, funga mlango."

Akaufunga.

"Mara mbili alisema hapana," Dokta alisema. "Ile hapana ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya sonona. Mimi na wewe tunajua, tumemsikia usiku na mchana. Jana akasema ndiyo, na unaniambia ilikuwa ya kwako. Sawa. Basi nionyeshe iliyo yake. Kwa nini hapana ya ugonjwa iheshimiwe kuliko ndiyo ya furaha?"

Lilikuwa swali zito, na ameliuliza mtu anayempenda yule mgonjwa.

"Ugonjwa ni wake, Dokta," alisema Nakijwa. "Furaha ni yangu. Nimeibeba kutoka nyumbani kwetu."

"Akifa, utaibeba pia hiyo?"

"Nitaibeba."

"Ninaweza nisiwe nimekusikia. Unaelewa ninachokwambia? Rudi wodini, chana ule ukurasa, na saa tisa nitamtia kifua kipya. Ndani ya miezi mitatu atakuwa anatembea barazani. Hakuna atakayemuuliza ndiyo ile ilitoka wapi, hata yeye."

Lo, jinsi alivyotamani! Alimwona Mzee barazani, na fimbo na kofia yake, akiuliza habari za mahindi. Alimwona wazi kabisa. Halafu akamwona asubuhi moja akiamka na kifua cha mtu mwenye furaha na moyo uleule wa zamani, akijiuliza nani alimweka humo, na hakuna wa kumjibu.

"Tumuulize, Dokta. Tumvue koti, tumuulize."

"Ana dakika tano. Baada ya hapo hewa chafu inampanda kichwani na lolote atakalosema si neno tena. Ninaweza kumpoteza hapo hapo kitandani." Dokta alipitisha mkono juu ya kioo, juu ya yale mapafu. "Na akisema hapana, haya nayazima leo. Hana miezi minane mingine. Ana wiki tatu, akijaliwa nne."

"Najua."

"Na wewe mshipi huuvai tena. Katika hilo hata mimi sina la kukusaidia."

"Najua, Dokta. Nimeshaandika daftarini."

Dokta Mchome alimtazama kwa hasira, hasira ya kweli, halafu ikamwisha. "Una roho ngumu wewe," alisema, na ilikuwa vigumu kujua kama anamsifu au anamlaani.

*

Mzee Hatibu alikuwa amelala kwa ubavu, uso ukutani. Mkunde aliketi kwenye kiti chake akipumua kwa ajili yake, polepole, mikono mapajani. Nakijwa alivuta kigoda akakaa upande wa ukuta, ili wasikose kuonana.

"Shikamoo, Mzee."

Kimya.

"Leo sina mshipi. Ninachokwambia hakitakuingia kwa njia nyingine yoyote ila masikioni. Mzee, jana nilikuja kwako nikiwa nimejaa furaha, na nilitakiwa niishushe kwanza. Sikuishusha. Ile hali uliyokuwa nayo jana, ya kusubiri mgeni, ilikuwa yangu. Ulikubali upasuaji ukiwa ndani ya furaha yangu mimi. Nimekukosea sana."

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha skrini ya koti ikaanza kupiga mlio, titi, titi, titi. Wauguzi waliuita mlio wa kupingana. Ulitokea pale kifua cha mgonjwa kilipovuta kinyume cha pumzi anayopewa, na kanuni iliagiza uzimwe upesi kwa kumtuliza. Mkunde alishtuka, akazidi kupumua taratibu, kwa upole, kama alivyofunzwa. Mlio haukunyamaza. Mzee alikuwa amekunja uso, mishipa ya shingo imemsimama.

Ana hasira, Nakijwa aliwaza. Mungu wangu, ana hasira. Miezi kumi na minne hakuwahi kumwona amekasirika.

"Mliniona... mtoto?" Mzee alisema.

"Hapana, Mzee."

"Jana... nililia. Mbele zenu." Macho yalimwaka. "Hata kulia... si kwangu?"

Nakijwa aliinamisha kichwa.

"Nivueni," alisema Mzee Hatibu. "Hili... likoti. Nivueni."

Dokta Mchome alikuwa ameshaingia, na kinasa sauti mkononi. Alimweleza kila kitu bila kupaka mafuta: mapafu yako tayari mpaka jioni, dakika ni tano, akikubali nini, akikataa nini, na kwamba akikataa atatunzwa vilevile hadi mwisho wake, hakuna atakayemnunia. Mzee aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Wakamweka mrija wa oksijeni puani, wakafungua vifungo kimoja kimoja. Mkunde alitoka nje ya chumba, mbali, kupita hatua sitini, ili pumzi yake isije ikamgusa.

Kifua kikabaki wazi. Ngozi na mbavu. Kilikaa bila kusogea, muda mrefu kupita kiasi, kisha kikavuta, kwa mkwaruzo, kama mlango wa bati unaoburuzwa sakafuni.

Nakijwa alijikuta anapumua kwa urefu na utulivu, kwa mazoea, huku Mzee anamwangalia. Akajigundua. Akageuza uso na kuiacha pumzi yake iende hovyo, asimwazime hata ya kutazama.

"Furaha," Mzee alisema. "Ya... nini?"

Dokta aliinua mkono kumzuia asipoteze hewa. Nakijwa alijibu haraka.

"Mdogo wangu alijifungua, Mzee. Wa kike. Watatu kabla yake walitoka kimya."

"Na... huyu?"

"Huyu analia."

Mzee Hatibu alifumba macho. Sekunde zikapita, nyingi. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Mzee," alisema Dokta, "muda."

"Ngoja... Dokta." Akavuta. Mbavu zikajichora. "Hii... yangu."

Wakangoja.

"Sitaki," alisema.

Basi, Nakijwa alijisemea. Ndiyo hiyo, na ni yake. Wiki tatu, akijaliwa nne. Dokta Mchome alishusha kinasa sauti polepole.

"Sijamaliza." Mzee alikuwa amefumbua macho, na alikuwa anamtazama Dokta kwa ukali. "Leo... nimeamka... sitaki. Kesho... sitataka." Akakohoa. Nakijwa akamshika mgongo. "Lakini jana... nilikumbuka... kutaka... kunavyokuwa. Nilishasahau... hata... kulivyo."

"Dakika moja," Dokta alinong'ona.

"Mwanaidi... angenizaba... kofi."

Akanyoosha kidole kukielekezea kile kinasa sauti. Dokta akakiinua tena.

"Mimi," alisema Mzee Hatibu. Akavuta. "Hatibu... Shekalaghe." Akavuta, na safari hii hewa haikuja, akaifuata tena, ikaja kidogo. "Kwa pumzi... yangu." Jasho lilimtiririka. Ni maneno mawili tu yamebaki kwenye kauli ile, hakuna asiyeyajua pale chumbani, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia hata nusu ya mojawapo. Nakijwa alikuwa ameuma mdomo hadi anaonja damu. "Mwe... nyewe." Kimya. Kifua kimesimama. Kisha, chini kabisa, "Nakubali."

"Imeingia," Dokta alisema. "Koti! Mkunde!"

"Ngoja." Mkono wa Mzee ulikuwa umemshika Dokta kiganjani. "Andika... bila furaha."

"Mzee, fomu haina nafasi hiyo."

"Andika... pembeni."

Na Dokta Mchome, aliyeshapasua vifua mia nne na hakuwahi kuandika neno la ziada kwenye fomu ya mtu, alitoa kalamu akaandika pembeni, kwa mwandiko wa haraka: *bila furaha*. Mzee aliutazama mwandiko ule mpaka akaridhika. Ndipo wakamvika koti.

*

Saa nane na nusu Nakijwa alikabidhi mshipi kwa Matroni. Ulikuwa umeshika umbo la mwili wake kwa miaka kumi na moja. Matroni aliupokea kwa mikono miwili, akaulaza mezani, wala hakumhubiria. Alimwambia tu kwamba ataandikiwa uhamisho, huenda kliniki ya watoto, na kwamba anywe chai kabla hajaondoka. Nakijwa alishukuru. Chai hakuinywa.

Kwemlinga kuna mila moja, mgonjwa akipelekwa kupasuliwa, muuguzi aliyempumulia muda mrefu kuliko wengine humsindikiza hadi mlango mwekundu wa chumba cha upasuaji. Nakijwa hakuwa na uhakika kama bado ana haki hiyo. Alisimama koridoni, mgongo ukutani, na wala hakusogea mbele. Kitanda kilikuja kikisukumwa, Mkunde kando yake na mshipi kifuani, akipumua kwa mwendo wa kutembea. Mzee Hatibu alikuwa amefunikwa hadi shingoni, uso umechoka, macho yakimtafuta mtu.

Alipomwona akanyanyua kidole. Kitanda kikasimama.

"Huyo mtoto," alisema. Akiwa na koti sauti ilimtoka vizuri kidogo. "Wamempa jina?"

"Wamempa, Mzee."

"Nani?"

Nakijwa aliona haya kulitamka. "Nakijwa."

Mzee alimkodolea macho, kuanzia kofia hadi viatu, huyu mwanamke aliyembebesha furaha ya watu na kuja kumwomba radhi mchana kweupe.

"Maskini ya Mungu," alisema. "Watakuwa wawili!"

Kisha akacheka. Haikuwa ile pfu ya puani. Kilitoka chini ya mbavu, kibaya, cha kukwama, nusu yake kikohozi, kikamtikisa hadi shuka likamteleza begani, na Nakijwa, aliyepumua na mtu huyu miezi kumi na minne, hakuwahi kukisikia kicheko hicho hata siku moja. Skrini ya koti ikaanza kulia kwa fujo, titi, titi, titi, kifua chake kikivuta kinyume kabisa na pumzi aliyopewa.

Mkunde aliinama haraka, mkono kwenye kitufe cha kuuzima mlio.

"Uache," Nakijwa alisema. "Uache ulie."